Kiwambo cha sauti kwenye bunduki ya uwindaji: ukiona dalili hii, anza kukagua hapa

Mzee aliyenifundisha kufuata nyayo, Mgogo wa upande wa Manyoni, ukimpa salamu ya "mbukwa" kutoka kulia kwake hageuki. Zunguka uje kushoto, atakuitikia kwa furaha na kukuuliza habari za nyumbani. Sikio la kulia limekufa. Limeuawa na miaka ya kusimama hatua mbili kutoka kwa wageni wa uwindaji wenye bunduki za kipimo cha .375 zilizofungwa breki ya mdomo wa mtutu, ile inayotupa gesi na kishindo pembeni ili bega la mpigaji lisiumie. Bega la mgeni lilipona, sikio la babu likalipa.

Ndiyo maana nilifurahi siku wageni walipoanza kuja kambini na kiwambo cha kuzuia sauti, ambacho wengi wetu tunakiita sailensa kama ya ekzosi ya gari. Na ndiyo maana inaniuma kuona kiwambo kinavuliwa siku ya pili ya safari na kutupwa sandukuni kwa madai kwamba "kinaharibu shabaha". Kwa muda wote niliotunza bunduki za kambi kati ya Dodoma, Itigi na Rungwa, mara nyingi kosa nimelikuta kwenye maungio, kwenye darubini, au kwenye mikono iliyokifunga. Chenyewe kilikuwa kizima.

Haya ninayaandika kwa vijana wanaobeba na kutunza bunduki za wageni, na kwa wawindaji wenye vibali vyao halali.

Karatasi kwanza

Kiwambo kinahesabiwa pamoja na silaha. Kama hakikutajwa kwenye kibali cha kuingiza bunduki nchini, kisifungwe, hata kama mgeni anakuonesha karatasi za kwao. Sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015 na ile ya uhifadhi wa wanyamapori ya mwaka 2009 ndizo zinazotuongoza hapa, na jibu la polisi na la TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, lipatikane kwa maandishi kabla mgeni hajapanda ndege. Askari wa wanyamapori akikuta kiwambo kisicho na karatasi katikati ya pori la akiba, atamwona jangili, na hana kosa kuona hivyo. Mimi ningefanya vivyo hivyo.

Na fundi wa mtaani akikwambia anaweza kukutengenezea kimoja kwa bomba, muage uondoke. Ni jinai, na bomba la namna hiyo hupasuka karibu na uso wa mtu.

Kabla ya kugusa chochote

Toa risasi kwenye magazini, fungua bolti, lile komeo la nyuma ya mtutu, tazama kwa macho chemba inakokaa risasi, kisha ingiza kidole kidogo uhakikishe ni tupu. Baada ya hapo ichomoe bolti kabisa uiweke mfukoni. Kila ukaguzi ninaoueleza hapa chini unafanywa bolti ikiwa mfukoni, isipokuwa pale ninaposema upige risasi.

Halafu usikiguse kiwambo kwa mkono mtupu kama bunduki imetoka kupiga. Risasi kumi za mfululizo kwenye jua la Oktoba zinatosha kukuachia malengelenge kiganjani.

Jaribio linalotenganisha mambo

Dalili yoyote ya kukosa shabaha ianzie hapa. Tafuta kichuguu kikubwa ambacho nyuma yake hakuna njia, maboma wala mifugo. Bandika boksi, rudi mita 100, na ulaze bunduki juu ya mfuko wa mchanga. Piga risasi tatu kiwambo kikiwa kimefungwa. Subiri kipoe, kivue, weka kofia ya kulinda thredi za mdomo wa mtutu, piga tatu nyingine. Tumia risasi za boksi moja, na mpigaji awe yule yule.

Matundu sita kwenye boksi yatakwambia mengi kuliko ubishi wa jioni nzima kwenye moto. Kama makundi yote mawili yamebana lakini yapo sehemu tofauti, nenda kwenye dalili ya kwanza. Kama bila kiwambo yamebana na ukikifunga yanatawanyika, soma dalili ya pili. Kama yanatawanyika hali zote mbili, achana na kiwambo na ukague darubini: kaza skrubu za pete zinazoishika na za kitako cha bunduki, kwa sababu mawimbi ya barabara ya vumbi ndani ya Land Cruiser hulegeza kila kitu kinachoweza kulegea. Ukiona tundu lenye umbo la yai, au boksi limechanika kana kwamba risasi imeingia ubavu, acha kupiga papo hapo na uende moja kwa moja kwenye dalili ya tatu.

Dalili ya kwanza: makundi yamebana, ila risasi zimehama

Bila kiwambo mgeni anapiga katikati. Akikifunga, matundu matatu yanakaa pamoja vizuri, lakini sentimita sita chini na kidogo kushoto. Anakasirika. Mwambie apumue, bunduki yake ni nzima.

Mtutu hutetemeka risasi inapopita, mithili ya fimbo ndefu uliyoishika upande mmoja. Ukiuning'iniza uzito wa gramu 300 hadi 600 mwishoni, unabadilisha mtetemo ule, na kichwa cha risasi kinatoka mdomoni wakati mtutu unatazama mahali tofauti kidogo. Mtutu mwembamba wa bunduki nyepesi ya milimani utahama sana, mtutu mnene wa bunduki ya masafa marefu utahama kidogo. Mara nyingi risasi hushuka, ingawa nimeona pia zinazokwenda pembeni.

Cha kuangalia ni kama kuhama huko ni kule kule kila mara. Vua, funga, piga tatu. Vua tena, funga tena, piga tatu. Matundu yakirudi mahali pale pale, kazi iliyobaki ni kusawazisha darubini kiwambo kikiwa kimefungwa, kisha kukiacha hapo safari nzima. Kwa mita 100, dakika moja ya pembe, kipimo kinachotumika kusogeza darubini, ni sentimita 2.9 na milradiani moja ni sentimita 10. Sentimita sita kwa hiyo ni dakika mbili na nukta kidogo, mibofyo minane kwenye darubini ambayo kila mbofyo wa kitufe chake ni robo dakika. Andika kwenye daftari la bunduki hiyo: "na kiwambo" na "bila kiwambo", vipimo viwili, tarehe, aina ya risasi. Siku kiwambo kikipata hitilafu porini, unajua urudishe mibofyo mingapi.

Matundu yasiporudi mahali pale pale kila ukikifunga upya, basi hakikai sawasawa kwenye bega la mtutu. Endelea kusoma.

Dalili ya pili: bila kiwambo yanabana, ukikifunga yanatawanyika

Hapa ndipo nimetumia muda mwingi wa maisha yangu ya kambini, na hapa ndipo vijana wengi hukosea kwa kuanzia mwisho.

Anza na jambo jepesi kuliko yote: kimelegea. Kiwambo cha kufunga kwa thredi hulegea kwa joto na kwa kishindo, hasa bunduki kubwa. Baada ya kila risasi chache, bolti ikiwa wazi, kishike kwa kitambaa kinene au glavu ukizungushe kuelekea kufunga. Kikisogea hata robo ya mzunguko, umepata jibu. Usikikaze kwa koleo la bomba kana kwamba unafunga bomba la kisima. Mkono wa mtu mzima unatosha kwa vingi, na kama mtengenezaji ametaja kipimo cha nguvu, kifuate.

Kama hakijalegea, kivue utazame bega. Bega ni ule ukingo wa mtutu ambapo thredi zinaishia, na ndilo linalokinyoosha kiwambo. Thredi kazi yake ni kukivuta tu mpaka kigote. Sasa chukua vumbi la Manyoni, lile jekundu laini linaloingia hata ndani ya saa, uliweke kati ya bega na kiwambo. Punje moja ya mchanga inatosha kukiinamisha. Futa bega, futa uso wa ndani wa kiwambo, piga thredi kwa mswaki mkavu, kisha funga tena. Nathubutu kusema hili peke yake limemaliza nusu ya malalamiko niliyoletewa.

Angalia pia kama kuna washa pale begani. Ipo washa laini ya kuminyika inayotumika kupanga breki ya mdomo ielekee juu sawasawa. Kwa breki haina shida. Chini ya kiwambo ni hatari, maana huminyika upande mmoja zaidi ya mwingine na kukipindisha. Itoe. Kama breki ndiyo inayobeba kiwambo cha kufunga haraka, breki yenyewe ipangwe kwa washa ngumu bapa zilizochongwa sawa.

Halafu kuna thredi zenyewe. Bunduki za Ulaya huja na thredi za M14, M15 au M18 za hatua ya milimita moja, yaani umbali kati ya jino na jino. Za Marekani huja na nusu inchi yenye meno 28 kwa inchi, au inchi 5/8 yenye meno 24 kwa inchi. Tatizo kubwa ni pacha wawili wanaofanana: inchi 5/8 ni milimita 15.88 na hatua yake ni 1.06, wakati M16 ni milimita 16 na hatua yake ni 1.00. Ukiwapa mkono wenye haraka hushikana, vikazunguka mizunguko miwili mitatu, vikakwama au vikakaa upande. Kiwambo kisipoingia kwa vidole viwili kwa ulaini mpaka begani, acha. Usilazimishe. Soma maandishi kwenye mtutu na kwenye kiwambo, au pima kwa kalipa.

Kikiwa kimekaa vizuri, tazama chini ya mtutu. Bunduki nyingi hutaka mtutu uwe huru, usiguse mbao wala plastiki ya kitako kuanzia chemba kwenda mbele. Pitisha noti au kipande cha karatasi kati ya mtutu na kitako. Uzito wa kiwambo, pamoja na kitako chepesi cha plastiki kinachokandamizwa na miguu miwili ya mbele, hufanya vigusane kwa risasi moja na kuachana kwa inayofuata. Wale wanaolaza kiwambo chenyewe juu ya tawi au juu ya mlango wa gari wanafanya kosa la aina hiyo hiyo. Mfuko au tawi likae chini ya kitako.

La mwisho katika dalili hii ni mpigaji. Bunduki imerefuka kwa sentimita ishirini na imekuwa nzito mbele. Mgeni aliyezoea bunduki fupi ataiona inayumba akisimama, hasa katika vichaka vya Itigi ambako huwezi kupita bila kila kitu kunasa. Mpe vijiti vitatu vya kuegemea, na umpe nusu saa ya kuzoea bila risasi kabla hujailaumu chuma.

Dalili ya tatu: tundu la yai, mlio wa chuma, au mkwaruzo mdomoni

Hii ni dalili ya kusimamisha kila kitu. Kichwa cha risasi kimegusa sahani za ndani zinazogawa vyumba vya kiwambo, au kifuniko cha mbele. Kimegusa kidogo leo, kesho kinaweza kung'oa mbele yote ya kiwambo na kuirusha.

Njia ya risasi ndani ya kiwambo ni nyembamba, nafasi ya ziada kila upande huwa chini ya milimita moja. Kwa hiyo kosa dogo begani linakuwa kubwa kwenye tundu la kutokea.

Ukaguzi wake ni huu. Bolti mfukoni. Chukua fimbo ya chuma iliyonyooka, iliyochongwa kwa kipimo cha mtutu huo, uiingize kutoka mbele ya kiwambo mpaka ndani ya mtutu. Fimbo ya kusafishia iliyopinda kwenye gari haifai, itakudanganya. Sasa tazama kutoka mbele: duara la nafasi kati ya fimbo na tundu liwe sawa pande zote. Fimbo ikikaribia upande mmoja, usipige. Ikigusa, kiwambo kirudi sandukuni na bunduki isubiri fundi mwenye mashine ya kuchonga, kwa sababu thredi za mtutu huo zilikatwa nje ya kitovu au bega halikuchongwa mraba. Kasoro hiyo haitibiwi kambini kwa tupa.

Ukaguzi huu ufanyike kila kiwambo kinapofungwa kwenye bunduki mpya, hata kama tundu la yai halijawahi kuonekana. Dakika mbili tu.

Kama fimbo inaonesha kila kitu kimenyooka na bado tundu ni la yai, mtuhumu kichwa cha risasi. Mzunguko wa mifereji ya ndani ya mtutu una kiasi chake, na vichwa virefu vya shaba tupu vinahitaji kuzungushwa kwa kasi zaidi kuliko vifupi vyenye ledi laini. Kichwa kisichotulia huyumba, na kiwambo hakisamehe kuyumba. Rudi kwenye aina ya risasi ambayo bunduki ilikuwa ikiipiga vizuri.

Pia hakikisha kipimo. Kiwambo cha .30 kitapitisha .308, .300 Win Mag na hata 6.5 Creedmoor, ingawa kwa 6.5 kitapunguza sauti pungufu kidogo kuliko kiwambo cha kipimo chake. Kiwambo hicho hicho kwenye .375 ni maafa, kwani kichwa ni kinene kuliko njia. Na kiwambo cha .22 ya kuzuia ngedere shambani kisiguswe na bunduki kubwa, maana hakikujengwa kubeba shinikizo lake. Kambini kwangu kila kiwambo kina utepe wa rangi unaolingana na utepe kwenye kitako cha bunduki yake. Mtu amechoka, giza limeingia, taa ya sola inafifia, lakini rangi ataiona.

Dalili ya nne: kwenye darubini mnyama anacheza kama yuko majini

Ulikuwa unapiga boksi vizuri, risasi ya tano au ya sita picha ikaanza kutetemeka, na matundu yakapanda. Joto linapaa kutoka kwenye kiwambo na kupita mbele ya kioo cha darubini. Ni mazigazi yale yale unayoyaona juu ya lami ya Dodoma saa saba mchana, ila sasa yako sentimita chache kutoka kwenye jicho lako. Upepo wa Julai na Agosti huyafagia, lakini siku isiyo na upepo yanakaa pale pale.

Subiri dakika kumi, kiwambo kikiwa kivulini na bolti wazi. Kwenye mazoezi ya masafa marefu, kipo kifuniko maalumu cha kitambaa kisichoungua kinachovalishwa juu ya kiwambo. Kinasaidia, ingawa kinalishika joto ndani na kupoa kunachelewa. Usibadilishe na kitenge, taulo au mfuko wa nailoni. Nailoni itayeyuka na kugandia chuma, na kitenge kitawaka.

Katika uwindaji wenyewe dalili hii ni nadra, maana anayepiga risasi tano mfululizo kwa mnyama mmoja ana tatizo jingine. Lakini hapa nina ombi. Kiangazi chetu nyasi ni kavu kama karatasi. Usilaze kiwambo cha moto juu ya nyasi, na usikirudishe moto kwenye begi la bunduki. Moto wa nyika unaanza kwa kidogo kuliko hapo.

Dalili ya tano: "mbona bado inalia?"

Wageni wapya huuliza hivi, na matraka, yaani wafuata nyayo, pia. Wote wamedanganywa na sinema.

Bunduki ya uwindaji bila kiwambo hutoa mlio wa desibeli 160 hadi 170 mdomoni. Kiwambo kizuri hupunguza 20 hadi 35. Hesabu mwenyewe: mara nyingi unabaki na 130 na kitu, mlio ambao kila mtu bondeni atausikia. Faida yake ni kwamba mara nyingi umeshuka chini ya 140, mpaka ambao juu yake mshindo mmoja tu unaweza kuumiza sikio moja kwa moja. Kwa traka anayesimama karibu na mdomo wa mtutu, desibeli hizo 30 ndizo zinazotenganisha uzee wa kuwasikia wajukuu na uzee wa mwalimu wangu.

Kinachobaki kulia ni vitu viwili. Gesi iliyobaki, na kichwa cha risasi chenyewe. Hiram Percy Maxim, aliyepata hati miliki ya kifaa hiki mwaka 1909, ni mtoto wa yule Maxim wa bombomu, silaha ambayo babu zetu waliijua kwa machungu wakati wa Mjerumani. Wazo lake lilikuwa lile lile la ekzosi: gesi ipite kwenye vyumba vingi, ipoe, ipungue kasi, ndipo itoke. Lakini kiwambo kinaishughulikia gesi peke yake. Kichwa cha .308 kinatoka kwa zaidi ya mita 800 kwa sekunde, na sauti siku ya nyuzi joto 30 husafiri kama mita 349. Kinachozidi kasi ya sauti hupasua hewa njia nzima kama mjeledi wa mchunga ng'ombe, na hakuna kiwambo kinachofikia huko.

Wapo wanaouliza kuhusu risasi za polepole zisizopasua hewa. Kwa uwindaji wetu, hapana. .308 ya namna hiyo hubaki na karibu moja ya tano ya nguvu yake, na mnyama ataondoka na jeraha afie mbali. Mwindaji mwenye heshima hafanyi hivyo.

Kama risasi ya kwanza inalia zaidi kuliko zinazofuata, huo ni utaratibu wake wa kawaida. Ndani ya kiwambo baridi mna hewa yenye oksijeni, gesi ya moto inapoingia inaungua kidogo. Baada ya hapo oksijeni imekwisha. Kama zote zimeanza kulia zaidi ya wiki iliyopita, kagua kulegea, kisha ukague sahani za ndani kwa tochi.

Na kila mtu avae vizibo vya masikio kiwambo kikiwepo pia. Traka wa kwanza kuvipewa awe yule mzee kuliko wote. Mmoja alinikatalia akasema, "Kijana wangu, nikiziba masikio nitamsikiaje nyati?" Nikamwambia, "Shikamoo mzee, navaa moja na wewe, sikio la upande wa bunduki tu." Tukakubaliana hivyo. Ni nusu ya dawa, lakini ni nusu aliyoikubali.

Dalili ya sita: hakitoki

Masizi yamegandia thredi, kiwambo na mtutu vimekuwa kitu kimoja. Hii inawapata wanaokiacha kimefungwa msimu mzima. Weka mafuta ya kulegeza kutu kwenye maungio, simamisha bunduki mdomo ukitazama chini ili mafuta yasiingie chemba, uiache usiku kucha. Asubuhi ibane mtutu kwenye jiliwa lenye mbao au ngozi pande zote mbili, karibu na mdomo, uzungushe kwa mkanda wa mpira wa kufungulia filta ya oili. Usibane kitako ukavuta kutoka kule, utapinda kitu cha thamani. Usipashe moto kwa gesi.

Kinga ni grisi kidogo ya joto kali kwenye thredi, kiasi cha kichwa cha kiberiti. Begani pabaki pakavu.

Dalili ya saba: kutu, na vitu vilivyohamia ndani

Gesi ya baruti ina mvuke wa maji. Kiwambo kikipoa, mvuke unakuwa umande, unachanganyika na masizi, unateremka ndani ya mtutu. Kwa hiyo jioni kivuliwe, kikauke chenyewe, na mtutu upigwe kitambaa chenye mafuta. Dodoma ni kavu na watu husahau, mpaka mvua za Desemba zinapowakuta.

Vya chuma cha pua na titani vinavumilia dawa nyingi za kusafishia. Vya alumini havivumilii, dawa kali huvila. Vingi vimechomelewa na havifunguki, na hakuna haja ya kuvifungua.

Jambo moja la kwetu ambalo vitabu vya wazungu havilitaji: nyigu wa udongo. Kiwambo kilichoachwa rafuni bila kifuniko, wiki mbili zinamtosha kujenga nyumba ndani yake kwa udongo mgumu kama tofali. Ukipiga risasi pale umeziba mtutu. Kila kinapotoka stoo, kitazame kuelekea kwenye mwanga kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Nimekuta nyumba hiyo mara mbili.

Dalili ya nane: mita 100 safi, mita 400 zinapita juu

Mgeni ana jedwali la kushuka kwa risasi aliloliandaa kwao usawa wa bahari, anapiga Dodoma penye mita 1,100 na ushee. Hewa yetu shinikizo lake ni karibu asilimia 12 pungufu ya ile ya pwani, na joto linaifanya iwe nyepesi zaidi. Kichwa cha risasi kinakutana na upinzani mdogo, kinashuka kidogo kuliko jedwali linavyosema. Kwa mita 100 huoni kitu, kuanzia mita 400 unaona. Kiwambo nacho huongeza kasi kidogo sana, mita chache kwa sekunde, lakini wageni wengi hukitupia lawama zote.

Aingize shinikizo halisi la hewa na joto la saa ile kwenye programu yake, kisha apige kwa umbali huo kuthibitisha. Na risasi zake zitoke kwenye dashibodi ya gari. Baruti iliyookwa juani huungua kwa nguvu zaidi, risasi hupanda, na bolti huanza kuwa nzito kufungua. Bolti ikiwa nzito, usipige nyingine. Ziweke risasi kivulini zipoe, kisha ujaribu moja tu. Ikibaki nzito, rudisha boksi lote kambini.

Kisha andika daftarini: umbali, joto, mibofyo, na kama kiwambo kilikuwepo.